Herufi Moja Katika Damu: Jinsi Seli Inavyosoma Vinasaba na Kutengeneza Protini



Wiki chache zilizopita, wakati wa mapumziko ya chai, mama mmoja wa shule yetu alinivuta pembeni. Ni mjamzito, na kliniki ilikuwa imempa majibu ya vipimo vya damu. Aliambiwa kwamba yeye ni mbebaji wa selimundu, na kwamba baba wa mtoto naye akapimwe.

"Mwalimu," aliniambia kwa sauti ya chini, "nimemweleza mume wangu, anasema kwao hakuna ugonjwa huo, basi umetoka kwetu. Na mimi sijawahi kuugua. Sasa hapo nimebeba nini?"

Alijua kwamba siku za wiki nafanya kazi maabara, ndiyo maana akaniuliza mimi. Nilimjibu kwa kifupi, kisha watoto wakarudi darasani. Amenipa ruhusa niandike jibu refu hapa bila kumtaja, kwa sababu swali lake ni la familia nyingi zinazotoka Afrika Mashariki. Wanafunzi wetu wakubwa nao watakutana na somo hili kwa Kiingereza katika biolojia ya darasa la 12. Si vibaya wakalisoma kwanza kwa lugha ya nyumbani.

Mundu ni nini?

Tuanze na neno lenyewe, maana watoto wengi waliozaliwa hapa hawajawahi kuuona mundu. Ni kisu kilichopinda kama mwezi mchanga, cha kuvunia mpunga au kukatia majani. Selimundu ni seli yenye umbo hilo.

Seli nyekundu ya damu kwa kawaida ni ya mviringo, imebonyea katikati, tena ni laini. Inajikunja na kupita kwenye mishipa myembamba kuliko unywele. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuisambaza mwilini. Kinachoibeba oksijeni hiyo ni protini inayoitwa himoglobini. Ndani ya seli moja tu nyekundu zimo molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, himoglobini hiyo ina tofauti ndogo, na tofauti hiyo ndiyo inayoipinda seli.

Tukisikia neno protini, wengi tunafikiria maharage, samaki na mayai. Ni sawa, lakini mwili hauchukui protini ya maharage ukaitumia ilivyo. Unaivunja kwanza iwe vipande vidogo viitwavyo asidi amino, halafu kwa vipande hivyo unajenga protini zake wenyewe: za misuli, za nywele, za kupambana na magonjwa, na himoglobini ya damu. Je, seli inajuaje ijenge nini?

Daftari lisilotoka chumbani

Maelekezo yamo ndani ya kiini cha seli, yameandikwa kwenye DNA. Kiswahili kinaiita DNA vinasaba, kutokana na neno nasaba, yaani ukoo. Ni jina linalofaa, kwa kuwa nusu ya vinasaba vyako umepewa na mama na nusu na baba.

DNA ni kama kamba ya nyuzi mbili zilizosokotana. Maandishi yake yana herufi nne tu, nazo ni kemikali nne: A, T, G na C. A hukaa mkabala na T, na G mkabala na C. Fungu unalopokea kwa mzazi mmoja lina herufi zipatazo bilioni 3, zilizogawanywa kwenye kromosomu 23. Kipande cha maandishi kinachoeleza namna ya kutengeneza protini fulani huitwa jeni. Binadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000, na karibu kila moja anayo mara mbili: ya upande wa mama na ya upande wa baba. Jambo hili la mara mbili tulikumbuke, tutalirudia.

Sasa fikirieni bibi mwenye daftari la mapishi la tangu zamani. Daftari hilo halipelekwi jikoni likaloa mchuzi. Linakaa kabatini chumbani. Ukitaka kupika sambusa unanakili ukurasa mmoja kwenye karatasi, unakwenda nao jikoni, na ukimaliza unaitupa karatasi. Daftari linabaki salama.

Seli hufanya hivyo hivyo. Ndani ya uboho, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, seli changa za damu zinapohitaji himoglobini, kimeng'enya maalumu huzifungua nyuzi mbili za DNA mahali penye jeni hiyo. Husoma uzi mmoja herufi kwa herufi na kuandika nakala. Nakala hiyo huitwa RNA mjumbe. Imeandikwa kwa herufi zile zile, ila mahali pa T huwekwa U. Vipande visivyohitajika hukatwa, vinavyohitajika huunganishwa, kisha mjumbe hutoka kwenye kiini. Seli nyekundu ikishakomaa hukitoa kiini chake nje kabisa, kwa hiyo kazi yote hii hufanyika ikiwa bado changa.

Maneno yote yana herufi tatu

Mjumbe husomwa vipi? Kwa herufi tatu tatu, bila nafasi katikati. Kila herufi tatu ni neno moja, na neno hutaja asidi amino moja.

Neno la kwanza kufahamika lilisomwa mwaka 1961 nchini Marekani. Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitengeneza RNA yenye herufi U peke yake, wakaitia kwenye mchanganyiko uliotolewa ndani ya bakteria. Ikatoka protini iliyojengwa kwa asidi amino ya aina moja tu, iitwayo fenilalanini. Wakajua kwamba UUU maana yake ni fenilalanini. Miaka michache baadaye kamusi yote ilikuwa imekamilika. Mmoja wa waliosaidia kuikamilisha ni Har Gobind Khorana, mzaliwa wa India aliyefanya utafiti hapa Kanada, mjini Vancouver, katika miaka ya 1950 kabla ya kuhamia Marekani. Yeye, Nirenberg na Robert Holley walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1968.

Kwa herufi nne tunapata maneno 64 ya herufi tatu. Maneno 61 hutaja asidi amino na matatu ni nukta, yaani "koma hapa". Asidi amino zenyewe ni 20 tu, kwa hiyo nyingi zina majina zaidi ya moja, kama lugha zilivyo na visawe.

Kiswahili nacho kina maneno mengi ya herufi tatu, basi tujaribu. Mama anatoka kwenda kazini, anamwachia dada wa nyumbani ujumbe:

LEO ALI ALE UJI

Tukifuta herufi moja tu, ile O, na kuendelea kusoma tatu tatu, tunapata:

LEA LIA LEU JI

Kuanzia hapo hakuna kinachoeleweka. Kwenye jeni, kosa la namna hii mara nyingi huharibu protini yote. Tukifuta herufi tatu zinazofuatana, yaani neno zima, tunapata LEO ALI UJI. Maana imepungua lakini maneno mengine yapo. Kosa kama hili lina historia hapa mjini kwetu. Mwaka 1989, katika hospitali ya watoto ya SickKids jijini Toronto, Lap-Chee Tsui na wenzake, wakishirikiana na Francis Collins wa Michigan, walitangaza kuwa wameipata jeni inayohusika na ugonjwa wa mapafu uitwao sistiki faibrosisi. Kwa wagonjwa wengi herufi tatu zilikuwa zimekosekana, na asidi amino moja imepungua.

Kosa la tatu ni kubadilisha herufi moja kwa nyingine. Weka Z mahali pa J:

LEO ALI ALE UZI

Sentensi inasomeka vizuri kabisa, lakini mtoto atalishwa uzi. Selimundu ni kosa la namna hii.

Fundi wa shanga

Kabla ya kuliona kosa lenyewe, tumwone fundi. Nakala ikitoka kwenye kiini hupokewa na kifaa kidogo sana kiitwacho ribosomu. Ifananisheni na fundi anayetunga shanga. Asidi amino ni shanga za aina 20. Mbele yake fundi ana nakala, na pembeni wapo wachukuzi, ambao ni RNA za aina nyingine, fupi. Kila mchukuzi upande mmoja amebeba shanga ya aina moja tu, na upande wa pili ana herufi tatu zinazolingana na neno lake. Fundi hutafuta neno AUG, ambalo ndilo la kuanzia. Kisha kwa kila neno huja mchukuzi anayelingana nalo, anaacha shanga yake, inaunganishwa na iliyotangulia, naye anaondoka.

Jeni ya himoglobini tunayoizungumzia huitwa beta, iko kwenye kromosomu ya 11. Nakala yake huanza hivi:

AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG

Shanga ya AUG huondolewa baadaye, zinabaki 146. Fundi akifika kwenye neno la kukoma, uzi huachiliwa na kujikunja kwa umbo lake. Nyuzi mbili za beta huungana na nyuzi mbili za aina nyingine, alfa, na kila uzi hushikilia sehemu yenye madini ya chuma, ambayo ndiyo inayokamata oksijeni. Hapo himoglobini moja imekamilika.

Pale penye tofauti

Kwa mwenye selimundu nakala huanza hivi:

AUG GUG CAU CUG ACU CCU GUG GAG

Tafuteni tofauti kabla ya kuendelea.

Ni neno la saba: mahali pa GAG pameandikwa GUG. Herufi moja imebadilika, A imekuwa U. Maneno yanayotaja zile shanga 146 yana herufi 438, na 437 ziko sawa. Lakini GAG ni asidi ya glutamiki, inayopenda maji, na GUG ni valini, inayoyakimbia maji. Vernon Ingram alilionyesha badiliko hili la asidi amino moja mwaka 1957, huko Cambridge.

Valini hiyo hukaa juu ya himoglobini, upande wa nje. Himoglobini ikishatoa oksijeni yake, valini hujibanza kwenye kishimo cha himoglobini jirani, na jirani naye kwa mwenzake, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli. Nyuzi huivuta seli ikawa kama mundu. Seli iliyopinda haipiti kwenye mishipa myembamba. Inaziba, sehemu iliyo mbele inakosa oksijeni, na mgonjwa anapata maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Seli hizo pia hufa mapema. Ya kawaida huishi siku 120 hivi, iliyopinda huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo sababu ya upungufu wa damu na macho ya njano.

Kwa nini kwetu?

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, Anthony Allison, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Alichukua damu ya watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Pwani upande wa Mombasa na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100.

Jambo hilo lilimshangaza. Ugonjwa unaoua watoto wangali wadogo ulitakiwa upungue kizazi hadi kizazi. Mbona pwani umebaki? Allison aliona kwamba kwenye wabebaji wengi ndiko kwenye malaria nyingi. Alirudi kufanya utafiti zaidi, na mwaka 1954 akachapisha jibu: mwenye jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Uchunguzi uliofanywa baadaye Kilifi umethibitisha hivyo. Kwa hiyo mababu wengi waliokuwa wabebaji walipona utotoni, wakakua, wakapata watoto, na herufi ile ikaendelea nao. Ndiyo maana inapatikana pia India, Oman, na nchi za pwani ya Mediterania, kote kulikokuwa na malaria.

Basi amebeba nini?

Sasa turudi kwa yule mama. Jeni ya beta tunayo mara mbili. Iite A ile ya kawaida na S ile ya selimundu. Mwenye AA hana selimundu. Mwenye AS ni mbebaji: seli zake hutengeneza himoglobini za aina zote mbili, na kwa kawaida haumwi. Anaweza kuishi miaka 90 bila kujua. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Baba AS na mama AS wakipata mtoto, uwezekano ni huu: robo AA, nusu AS, robo SS. Hesabu hii huanza upya kwa kila mimba. Haina maana kwamba akizaliwa mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika.

Kutokana na hesabu hii yafaa tuseme wazi mambo mawili. La kwanza, mtoto mwenye SS amepewa S moja na mama na S moja na baba. Haiwezekani zitoke upande mmoja. Wamama wengi wamelaumiwa, wengine wameachwa, kwa jambo ambalo nusu yake ni ya baba. La pili, "kwetu hakuna" si jibu, kwa kuwa wabebaji hawaonekani kwa macho. Katika koo nyingi yupo mtoto wa zamani aliyekuwa akilia viungo, macho yakiwa ya njano, akafariki mdogo. Watu walisema amerogwa, au hawakusema kitu. Huenda jina la ugonjwa wake lilikuwa hili.

Baba naye akipimwa, daktari haangalii S peke yake. Zipo tofauti nyingine za himoglobini, kama C na thalasemia ya beta, ambazo zikikutana na S huleta ugonjwa.

Hapa Ontario

Kila mtoto anayezaliwa Ontario huchukuliwa matone ya damu kisiginoni, na sampuli hupelekwa maabara Ottawa. Selimundu iliongezwa kwenye vipimo hivyo mwaka 2006. Waliozaliwa kabla ya hapo, na sisi tuliozaliwa nje, hatukupimwa kwa utaratibu huo. Mwombeni daktari wa familia kipimo cha aina za himoglobini, hasa vijana wanaofikiria kuoa au kuolewa. Ni damu kidogo tu ya mkononi.

Kwa nini kumpima mtoto anayeonekana mzima? Kwa sababu akiwa tumboni mtoto hutumia jeni nyingine, ya himoglobini ya kichanga, ambayo haina kosa lile. Baada ya kuzaliwa ukurasa huo hufungwa taratibu na ule wa beta hufunguliwa. Dalili huanza miezi kadhaa baadaye. Akijulikana mapema, ataanzishiwa penisilini na chanjo kabla bandama yake haijadhoofika na vijidudu havijapata nafasi.

Habari ya ukurasa uliofungwa ndiyo msingi wa matibabu. Dawa ya hidroksiurea, inayotumika miaka mingi, huwafanya wagonjwa watengeneze tena himoglobini ya kichanga. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri vinasaba vya seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe ili ukurasa huo ubaki wazi. Ni tiba nzito na ghali sana. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kwa wengi wao penisilini, hidroksiurea na kliniki iliyo karibu ndivyo vinavyookoa maisha.

Kwetu shuleni, tukumbuke haya. Baridi ya Markham huweza kuanzisha maumivu, kwa hiyo mtoto mwenye selimundu asilazimishwe kucheza nje siku ya barafu, na chupa ya maji iwe karibu naye daima. Akisema anaumwa, aaminiwe. Homa kwake ni dharura: hospitali saa hiyo hiyo, mchana au usiku. Na mnapokwenda nyumbani likizo, ombeni dawa za kuzuia malaria mapema. Mwenye SS malaria humdhuru vibaya, na mbebaji pia asitegemee kinga yake.

Yule mama ameniandikia juzi. Mumewe amekwenda kupima, na majibu bado hayajatoka.

Zoezi la nyumbani

1. Tungeni bangili mbili za shanga. GUG ni nyeupe, CAU bluu, CUG kijani, ACU njano, CCU nyekundu, GAG nyeusi. Someni nakala mbili zilizo hapo juu, mkianza baada ya AUG. Bangili zitatofautiana shanga moja.

2. Andikeni sentensi yenye maneno ya herufi tatu tu. Mnaweza kutumia: leo, Ali, ale, uji, ana, mto, jua, pia, aje, bao. Badilisheni herufi moja muone kinachotokea.

3. Mkimpigia simu bibi au babu, muulizeni kwa adabu kama katika ukoo alikuwepo mtoto aliyeugua viungo mara kwa mara. Sikilizeni bila kumkatiza.

Maneno ya wiki

Kimeng'enya: protini inayoharakisha kazi ya kemikali mwilini.
Uboho: nyama laini ndani ya mfupa, mahali damu inapotengenezwa.
Vinasaba: maandishi ya urithi ndani ya seli, DNA.
Mbebaji: mtu mwenye jeni moja ya ugonjwa bila kuugua.
Bandama: kiungo kilicho upande wa kushoto wa tumbo, husaidia kuchuja damu na kupambana na vijidudu.